Gesti ya Ng'ambo ya Ruvuma: Nyumba Hiyo ni ya Nani?



Msimu wa korosho unapokwisha, minada ikafungwa na malipo ya mwisho yakaingia benki, huku kwetu Masasi na Newala huanza msimu mwingine ambao hautangazwi na chama chochote cha ushirika. Mwenye nyumba ya udongo hufyatua matofali, mwenye binti hupanga harusi, na wengine, wala si wachache, hukunja fedha zao wakashika njia ya Mangaka mpaka Mtambaswala, wakavuka Daraja la Umoja na kuingia Msumbiji. Wapo wanaokwenda na vitenge. Wapo walioitwa na mawe mekundu, tangu rubi zilipogunduliwa Namanhumbir, wilayani Montepuez, mwaka 2009. Na wapo waliotambua kwamba mchimbaji akipata au akikosa, usiku ni lazima alale mahali. Hawa ndio wanaofungua gesti. Makala ya leo inawahusu wao, na zaidi inawahusu wale waliobaki nyuma yao.

Kwenye kibao cha Kireno huandikwa Pensão, lakini watu wetu huziita gesti tu. Ni vyumba sita au vinane vinavyotazamana, ua wa mchanga katikati, pipa la maji, vyoo nyuma, na taa ya sola mlangoni. Kazi yake haihitaji elimu kubwa. Inahitaji mashuka safi, vyandarua visivyo na matundu, daftari la wageni linalojazwa kila siku, na mtu anayeweza kuamka saa nane za usiku kumfungulia msafiri bila kununa.

Wala biashara hii si ngeni katika dini yetu. Katika Suratun-Nur, baada ya waumini kuamrishwa wasiingie majumba ya watu bila kubisha hodi na kutoa salamu, inafuata aya ya 29 inayoondoa uzito huo katika nyumba zisizo makazi ya mtu maalumu, ambazo ndani yake watu wana manufaa yao. Imam Al-Qurtubi, katika tafsiri yake, ametaja kauli ya wanavyuoni waliosema kwamba zinazokusudiwa ni nyumba za kupumzikia wasafiri njiani. Kwa hiyo anayekodisha chumba kwa msafiri kwa bei inayojulikana na kwa muda unaojulikana amefunga mkataba wa ijara ulio halali, na asidhani kwamba kwa kutoza fedha ameivunja Sunna ya kumkirimu mgeni siku tatu. Ile ni haki ya mgeni wa nyumbani. Hii ni kazi ya mikono, na ujira wake ni halali.

Pwani yetu nayo iliujua utaratibu huu zamani. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331, kabla hajafika Kilwa, aliona vijana wakiifuata merikebu kwa mashua, kila mmoja amebeba chakula kilichofunikwa, na kila mmoja akimchagua mfanyabiashara mgeni na kumtangaza kuwa ni mgeni wake. Mgeni yule alilala kwa mwenyeji wake, na mwenyeji ndiye aliyemuuzia na kumnunulia. Biashara iliyofanywa bila mwenyeji kuwapo haikukubaliwa. Naikumbusha habari hii kwa sababu moja: mgeni katika mji wa watu huhitaji mtu wa pale asimame kwa niaba yake. Jambo hilo halijabadilika kwa karne saba, na ndipo matatizo tunayotaka kuyazungumza yanapoanzia.

Watu wa Newala huona uzito kuiita Msumbiji ugenini. Ukisimama ukingoni mwa uwanda wetu wa juu, pale panapoitwa Shimo la Mungu, bonde la Ruvuma limelala chini yako na nchi ya pili unaiona kwa macho. Wamakonde wako huku na wako Mueda. Wamakua na Wayao vilevile wametapakaa pande zote mbili. Vita vya ukombozi vilipoanza Septemba 1964, waliowakimbia Wareno walipokewa na wazee wetu katika nyumba zao, na hakuna aliyewatoza. Tangu Mei 12, 2010, marais Jakaya Kikwete na Armando Guebuza walipolifungua lile daraja la mita 720, hata mtumbwi hauhitajiki. Basi kijana wa leo humwambia mama yake: mimi siendi ugenini, nakwenda kwa ndugu.

Undugu upo, lakini mpaka nao upo. Februari 2017, Watanzania wengi waliokuwa Montepuez waliondolewa katika operesheni dhidi ya wageni, na wapo waliorudi bila mali zao. Oktoba mwaka huohuo mashambulizi yakaanza Mocímboa da Praia. Oktoba 2020 yakavuka mto na kufika kijiji chetu cha Kitaya, mkoani Mtwara. Machi 2021 mji wa Palma, uliokuwa umejaa wageni wa mradi wa gesi, ukashambuliwa na watu wakazingirwa ndani ya hoteli. Mwenye duka la vitenge akisikia milio ya risasi aweza kufunga robota lake na kukimbia nalo. Mwenye gesti hukimbia na funguo.

Kisha kuna ardhi yenyewe. Nchini Msumbiji ardhi ni mali ya dola na haiuzwi. Mtu hupewa haki ya kuitumia. Kwa Sheria ya Ardhi ya mwaka 1997, mtu binafsi aliye mgeni hawezi kuipata haki hiyo ila awe amekaa kihalali nchini humo angalau miaka mitano na awe na mradi wa uwekezaji ulioidhinishwa. Tusiwalaumu. Sisi wenyewe, kwa Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, hatumpi asiye raia ardhi ila kwa ajili ya uwekezaji. Lakini kijana aliyeondoka Chiungutwa na fedha za msimu mmoja hana miaka mitano ya kungoja, wala hajui mlango wa ofisi inayoidhinisha miradi. Anachofanya ni kile walichofanya wafanyabiashara wa Mogadishu: hutafuta mwenyeji. Kiwanja huandikwa kwa jina la mwenyeji, fedha hutoka kwa mgeni, na baina yao hakuna karatasi yoyote ila neno la mdomo.

Mwenyeji huyo aweza kuwa rafiki, au mshirika. Mara nyingi, na hili kila mkazi wa Masasi analijua ingawa halisemwi hadharani, mwenyeji huyo ni mke. Mume ameoa kule. Sikusudii kuijadili ndoa ya pili yenyewe, kwani Sharia imeipa masharti yake na kila mtu atayasimamia mbele ya Mola wake. Nasema tu kwamba mwanamke aliyeolewa kwa walii, mashahidi wawili na mahari ni mke kamili, hata kama aliyemwoa alikuwa akikitazama kiwanja. Ana haki ya nafaqa, ana haki ya zamu, na mume akifa yeye ni mrithi. Huyo si kibali cha ujenzi. Anayemwoa kwa nia ya kulitumia jina lake kisha akamwacha nyumba ikikamilika, au akamficha ukweli kwamba fedha za ujenzi ni za mwanamke mwenzake, amemdhulumu huyo kabla hajamdhulumu wa nyumbani.

Fedha za ujenzi, tuulize, hutoka wapi? Mama mmoja wa vijiji vya Newala ametuandikia barua kupitia ukurasa huu. Ana mikorosho yake mwenyewe, aliyoirithi kwa mama yake. Mume wake ana shamba dogo, na anataka mauzo ya mashamba yote mawili ya msimu huu yaende Montepuez kufungua gesti ya vyumba sita. Kisha ameongeza kwamba, ili mtaji utoshe, mume anataka korosho za msimu ujao nazo ziuzwe kwa kangomba zikiwa bado hazijatoka mtini. Mama anauliza swali moja: akitoa, atakuwa amempa mume wake, au amemkopesha?

Lile la kangomba lisitucheleweshe. Mtume (S.A.W.) amekataza kuuza matunda kabla ukomavu wake haujadhihiri, na kila mkulima anajua ni nani anayecheka siku ya kupima. Hilo mama akatae.

Swali lake lenyewe ni zito, na linapaswa kuulizwa katika kila nyumba kabla nauli haijakatwa. Mali ya mke ni ya mke. Mume hana haki juu yake kwa sababu ya ndoa, na anachokichukua kwa haya au kwa kumnunia mkewe mpaka akubali hakiwi halali kwake. Akitoa kwa radhi yake, basi kutoa huko ni lazima kuwe na jina. Likiwa ni zawadi, ameshatoa, na baadaye asidai. Likiwa ni mkopo, mume anadaiwa kiasi kilekile hata gesti ikiungua, na mke hana faida ya kutazamia. Ikiwa ni mudharaba, yaani mtaji wa mmoja na kazi ya mwingine, basi faida hugawanywa kwa mafungu waliyokubaliana, na hasara isiyotokana na uzembe humwangukia mwenye mtaji, hali mwenye kazi amepoteza jasho lake. Na ikiwa wote wawili wameweka fedha, kama ilivyo kwa mama huyu, wanaweza kuwa washirika katika jengo lenyewe kwa kadiri ya fedha zao.

Asiwepo mume atakayesema kwamba kumuuliza mambo haya ni kumvunjia heshima. Bi Khadija (R.A.), kabla ya ndoa na kabla ya Utume, alimkabidhi Muhammad Al-Amin bidhaa zake azipeleke Sham, na akamtuma Maysara, mtumishi wake, afuatane naye. Yule aliyekuwa mwaminifu kuliko watu wote wa Makka alikwenda na mali ya mwanamke, akarudi na hesabu yake. Ndoa ilikuja baada ya hesabu.

Sasa tazama jina la fedha linavyofanya kazi mume anapofariki. Tuchukulie mfano: mke wa Newala alitoa shilingi milioni 8, na gesti, pamoja na mapato yaliyokusanywa, ikawa na thamani ya milioni 24. Marehemu ameacha wake wawili, mmoja huku na mmoja ng'ambo, na ameacha watoto. Hakuna deni jingine. Qur'an, katika Suratun-Nisaa aya ya 11 na ya 12, imeweka deni na wosia mbele ya mafungu ya warithi. Ikiwa zile milioni 8 ziliandikwa kuwa mkopo, hutolewa kwanza na kurudi kwa mwenyewe. Zinabaki milioni 16. Thumuni yake ni milioni 2, wake wawili wanagawana, kila mmoja anapata milioni moja. Mke wa Newala ameondoka na milioni 9. Ikiwa hazikuandikwa na hakuna shahidi, mali yote milioni 24 ni ya marehemu. Thumuni ni milioni 3, na yeye anapata milioni moja na nusu. Mikorosho ya mama yake imeliwa na mirathi.

Na hayo ni pale ambapo nyumba yenyewe inakubalika kuwa ya marehemu. Ikiwa hati inasoma jina la mwingine, na mwingine huyo akanyamaza, hakuna cha kugawanya. Mara nyingi mke wa ng'ambo hanyamazi kwa hila. Hakuambiwa. Yeye anajua kwamba mume wake alimjengea nyumba, na sasa watu asiowajua wamevuka daraja wanadai bati na milango.

Kwetu kuna kundi la tatu katika msiba wa namna hii. Sisi ni watu ambao jadi yao huhesabu ukoo kwa upande wa mama, na mjomba ana sauti. Mtu akifa, wapwa hufika na madai yao, na mara nyingine wao ndio wa kwanza kupanda basi kwenda Msumbiji, hali mjane amekaa eda. Kuwaheshimu wajomba zetu ni jambo jema na la lazima. Lakini mtoto wa dada si mrithi pale walipo watoto wa marehemu, na heshima haigeuzi fungu.

Wapo wanaosema: mahakama zipo. Ni kweli, na wala tusizidharau. Mahakama ya Rufani ya Tanzania, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu la mwaka 1983, ilikubali kwamba hata kazi za nyumbani za mke ni mchango katika upatikanaji wa mali ya ndoa. Shauri lile lilihusu talaka, na nyumba ilikuwa hapahapa nchini. Mjane wa Newala anayedai jengo lililoko Montepuez, lililoandikwa kwa jina la raia wa huko, atahitaji nauli, mkalimani, wakili na miaka. Karatasi iliyoandikwa mapema ni rahisi zaidi.

Mimi ni katibu wa kamati ya msikiti, na nimeombwa mara nyingi kuandika hati za mahari, za wakfu wa kiwanja, za talaka. Hati ya mume na mke juu ya mtaji wa safari ni adimu, na sababu ninayopewa ni ileile: tunaaminiana. Lakini aya ndefu kuliko zote katika Qur'an, ya 282 katika Suratul-Baqara, inahusu kuandikiana madeni, na waliohutubiwa ni walioamini. Aya yenyewe inatuagiza tusichoke kuandika, deni liwe dogo au kubwa, na inaeleza kwamba huko ndiko kunakoweka mbali shaka. Vilevile Mtume (S.A.W.) hakumruhusu Muislamu mwenye kitu cha kuusia alale masiku mawili bila wosia wake kuwa umeandikwa. Msafiri wa Msumbiji hulala masiku mengi.

Hati yenyewe si ndefu. Itaje kiasi cha fedha na zimetoka katika mauzo gani, na ieleze kama ni mkopo, mudharaba, ushirika au zawadi. Itaje kiwanja kitaandikwa kwa jina la nani, na mtu huyo naye atie saini kukiri kwamba anashika amana. Hapa ndipo wengi hukwama, kwa kuwa mwenyeji hayupo; basi iandikwe nakala ya pili itakayosainiwa kule, mbele ya imamu wa kule na mashahidi wawili, na irudishwe huku. Kama mwenyeji ni mke wa pili, asomewe yote kwa lugha anayoielewa. Na amana hii isije ikawa njia ya kukwepa sheria ya wenyeji: aliye na uwezo wa kufuata taratibu za ukaazi na uwekezaji azifuate, au akodi jengo lililokwisha kujengwa na raia badala ya kujenga lake. Kwa maoni yangu njia hii ya kukodi ndiyo inayomfaa mwenye mtaji mdogo, kwa sababu siku ya kukimbia atakuwa ameacha vitanda tu.

Liko suala la muda. Inasimuliwa kwamba Umar bin Al-Khattab (R.A.), baada ya kumsikia usiku mwanamke akilalamikia upweke wa mume aliyekuwa vitani, alimuuliza binti yake Hafsa (R.A.) ni muda gani mke aweza kuvumilia, kisha akaweka kikomo cha askari kukaa mbali. Riwaya zinatofautiana baina ya miezi minne na sita. Gesti ni biashara isiyofungwa hata siku ya Idi, na mwenye gesti huona daima kwamba wiki ijayo ndiyo atakayopata nafasi. Basi miezi itajwe kabla ya safari, na nafaqa itajwe kwa shilingi na kwa tarehe, si kwa ahadi ya kumtumia dereva siku biashara itakapokuwa nzuri.

Na vyumba vya saa moja, vile ambavyo mgeni haandikwi daftarini na mlango haufungwi mpaka usiku wa manane, mwenye mtaji ana haki ya kuuliza habari zake. Kumkodisha mtu chumba hali unajua anachokwenda kufanya humo ni kusaidiana katika dhambi, na mama aliyetoa korosho zake hapaswi kulishwa ujira huo bila kujua.

Kwa mama aliyetuandikia: umesema mumeo anakusudia kuondoka baada ya Idi. Muda unatosha. Njooni nyote wawili msikitini, pamoja na kaka yako mmoja na kaka yake mmoja, siku yoyote baada ya Alasiri. Njoo na stakabadhi za ghalani na karatasi ya malipo ya benki, zako kando na za mumeo kando, kwa kuwa hesabu ya nani ameweka kiasi gani itaanzia hapo. Kama za msimu uliopita zimekwisha potea, nenda kwenye chama chenu cha msingi uombe kumbukumbu za mauzo. Mizani yako ilisomwa na jina lako liliandikwa.